Hodi kwa Kalenda: Vidokezo 11 kwa Anayehamia Ujerumani

Ikikaribia Oktoba, mwezi ambao vyuo vikuu vya Ujerumani hufungua muhula wa majira ya baridi, simu yangu haipumziki. Mtoto wa fulani amepata nafasi ya masomo, binti wa jirani yetu wa zamani kule Chumbageni, Tanga, anakuja kusomea uuguzi. Wote huuliza mambo mawili: baridi ikoje, na je, ni kweli Wajerumani hawapendi watu?

Baridi nitaifikia. Hilo la pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu nami nililiuliza nilipofika Hamburg mwaka 2016, nikitokea Tanga, mji ambao mgeni hupiga hodi saa aipendayo na kuambiwa karibu ndani hata kama sufuria limeshaoshwa. Ninachowajibu vijana ni hiki: Mjerumani naye hupiga hodi, tena kwa adabu kubwa. Ila hodi yake huipiga kwenye kalenda, wiki mbili kabla. Ukilishika hilo mapema utajiepusha na machozi mengi.

1. Jina kwenye kengele, siku ile ile

Nyumba nyingi za ghorofa hapa hazina namba kwenye milango ya ndani. Tarishi husoma majina tu, kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Na kwa barua ndiko kila kitu kinakopitia: kadi ya benki, namba yake ya siri (bahasha nyingine, siku nyingine), kadi ya bima ya afya, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11. Andika jina hata kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, ubandike, kisha umwombe mwenye nyumba kibao cha kudumu.

Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, ukajiandikishe kwenye ofisi ya wakazi. Wenyewe huita Anmeldung. Mkataba wa pango hautoshi. Unatakiwa uwe na fomu ambayo mwenye nyumba ameitia sahihi kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Omba miadi kabla hata hujafungua mabegi, maana katika miji mikubwa nafasi hujaa.

2. Barua ya njano haisubiri

Ukikuta bahasha ya njano iliyoandikwa tarehe kwa mkono, ifungue ukiwa umesimama hapo hapo kwenye ngazi. Tarehe ile ameiandika tarishi, na siku zako zinahesabiwa kuanzia hapo, hata kama ulikuwa safarini. Kupinga faini ya barabarani una wiki mbili. Kupinga uamuzi wa ofisi nyingi za serikali una mwezi mmoja.

Kijana mmoja alinijia na mfuko wa plastiki uliojaa barua ambazo hajazifungua. Hakuwa mvivu. Alikuwa anakiogopa Kijerumani cha serikali, na hofu ile ilimtoa pesa ambazo angeziokoa kwa barua moja ya mistari miwili. Tulikaa sakafuni tukazipanga kwa tarehe mpaka usiku. Kama huelewi, tafuta anayeelewa wiki hiyo hiyo; hakuna Mtanzania wa siku nyingi hapa atakayekufukuza kwa sababu ya barua.

Moja kati ya barua utakazopokea itakudai euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni ya umma. Wengi hudhani ni utapeli, hasa wasio na televisheni. Si utapeli. Ni mchango wa kila kaya, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mkiishi wengi nyumba moja, analipa mmoja na wengine wanataja namba yake.

3. Nyumba inaweza kuja bila jiko

Namaanisha hivyo hivyo: hakuna jiko, hakuna sinki, hakuna kabati, kuna mabomba mawili yanayochungulia ukutani. Mpangaji aliyetoka huweza kung'oa vyote akaondoka navyo, au akakuuzia. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Uliza pia kama kodi uliyotajiwa ni "baridi" au "ya joto". Ya baridi ni kuta tupu. Ya joto imejumlisha gharama za kupasha nyumba, maji na usafi, ila umeme mara nyingi unajilipia mwenyewe. Dhamana haitakiwi kuzidi kodi baridi ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Kwa aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hii ni nafuu. Usitume hata senti kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaiona kwa macho.

4. Nusu ya tatu si tatu na nusu

Waswahili tumezoea kubadili saa kichwani. Tukiona 14:30 tunasema saa nane na nusu bila kufikiri. Mjerumani yeye atakwambia "halb drei", neno kwa neno "nusu tatu", na maana yake ni nusu ya kuelekea saa tatu yake, yaani hiyo hiyo 14:30. Mgeni husikia tatu, husikia nusu, akaweka 15:30. Anafika amependeza, na zawadi mkononi, akamkuta mwenyeji ameshafunika chakula na uso umebadilika. Kwa hiyo kila ukipewa saa kwa mdomo, omba iandikwe kwa tarakimu. Hakuna atakayekucheka.

Na kwa nini wanaijali dakika kiasi hicho? Nimewahi kukaa jikoni na mwenyeji anayesubiri wageni wa saa moja jioni. Viazi alivitia kwenye maji yanayochemka saa kumi na mbili na dakika arobaini, meza ilikuwa imetandikwa, mshumaa umewashwa, simu ameizima. Jioni ile yote alikuwa amewapa wageni wake. Anayechelewa nusu saa bila taarifa anakuwa amepoteza kitu alichokwisha kupewa. Ukichelewa hata dakika tano, tuma ujumbe. Ukiwahi, zunguka mtaa kwanza, kwa sababu kuwahi nako ni kumvamia.

Ukumbuke pia kwamba saa hapa husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakati wa baridi nyumbani wako mbele kwa saa mbili, wakati wa joto saa moja. Mwambie mama mapema, asije akakaa na simu mkononi akidhani umemsahau.

5. Jumapili ni ya ukimya

Maduka hufungwa, isipokuwa ya stesheni kubwa, ya vituo vya mafuta na mikate kwa saa chache. Hili limo ndani ya katiba: kifungu kinachoilinda Jumapili kiliandikwa mwaka 1919, katika katiba ya Weimar, na katiba ya sasa ya Ujerumani imekibeba kama kilivyo. Nunua mahitaji Jumamosi. Jumapili usitoboe ukuta, usitumie mashine ya kufyonza vumbi, usitupe chupa kwenye pipa la vioo.

Na usitwange. Mwezi wangu wa tatu hapa nilialika wenzangu wa darasa la lugha waje kula pilau. Jumapili saa moja asubuhi nikakaa chini jikoni na kinu changu kidogo cha mti, nilichokuja nacho kutoka nyumbani, nikatwanga tangawizi, saumu na bizari. Nilipofungua mlango kwenda kutupa maganda, nikakuta karatasi imebandikwa. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kuandika zamani, herufi zote zimesimama wima. Iliniambia kwamba leo ni Jumapili, kwamba sauti ya kugonga inashuka moja kwa moja chumbani kwake, na kwamba ananitakia siku njema. Chini akaandika jina lake la ukoo na ghorofa yake.

Nililia. Nilijiona nimefukuzwa. Kwetu mtu akikerwa na kinu chako hukuita dirishani, mkasemezana, mkacheka. Karatasi mlangoni nilihisi ni ya polisi. Mwalimu wetu wa Kijerumani ndiye aliyenionyesha nilichokuwa sikioni. Angeweza kumwandikia mwenye nyumba, akasema. Amekuandikia wewe, na amekwambia anakaa wapi.

Basi nami nikaandika. Nikaomba radhi, nikaeleza kinu ni nini na pilau ni nini, nikauliza ni lini naweza kuja kujitambulisha. Jibu lilikuja siku mbili baadaye ndani ya bahasha: Alhamisi ijayo, saa kumi jioni. Nilipofika na sahani ya visheti, mlango ulifunguka kabla kidole hakijaachia kengele. Mezani palikuwa na vikombe viwili vyenye ukingo wa bluu, keki ya tufaha aliyooka mwenyewe, maziwa ndani ya kijagi kidogo, na kitambaa kilichopigwa pasi mpaka mikunjo ilionekana. Mwanamke wa miaka sabini na kitu alikuwa amenisubiri kwa wiki nzima. Nilikaa pale nikielewa kwamba nimekaribishwa kwa namna ambayo sijawahi kukaribishwa, na kwamba ningeweza kuishi juu ya dari lake miaka kumi bila kujua.

Kinu ninacho bado. Natwanga Jumamosi mchana, nimekilaza juu ya taulo lililokunjwa mara nne.

6. "Sie" ni ndugu yake shikamoo

Kijerumani kina "wewe" mbili. "Du" ni ya watoto, jamaa na marafiki. "Sie" ni ya heshima. Mwenye shikamoo moyoni hatapata shida kuelewa, ila kuna tofauti moja: shikamoo huanza mdogo, bali ruhusa ya kutumia "du" huitoa mkubwa. Wewe mdogo usiitangulie. Katika kampuni nyingi za vijana "du" ni ya siku ya kwanza. Benki, hospitali na kwa majirani wazee, subiri.

Na ule upole wetu wa kumwita kila mzee mama au bibi, uuweke kando kidogo. Hapa "Oma" ni bibi yako wa damu. Ukimwita hivyo mama wa watu dukani, anasikia umemwambia amechakaa. Mwite kwa jina la ukoo, ukitanguliza Frau. Iliniwia vigumu kuliko baridi, kwa sababu ulimi wangu ulilelewa kumpa kila mtu udugu.

Jirani yangu wa chini nilimwita kwa ukoo wake miaka sita. Siku moja tulikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, mimi natoa shuka, yeye anatia. Akafuta mikono kwenye aproni, akaninyooshea mkono kama ndiyo kwanza tunakutana, akanitajia jina lake la kwanza. Sikujua la kufanya. Nikamwamkia shikamoo, kwa Kiswahili, kisha nikamweleza.

7. Salamu ni fupi, lakini ipo

Wageni husema Wajerumani hawasalimii. Ingia chumba cha kusubiri kwa daktari: kila anayeingia husalimia wote, na anayeondoka huaga wote. Kwenye lifti ni vivyo hivyo. Ofisini ikifika saa sita utasikia "Mahlzeit", salamu ya wakati wa mlo. Hapa Hamburg neno ni "Moin", na linafaa alfajiri hadi usiku.

Ila usimuulize mtu hali yake kama hutaki jibu. Sisi husema "nzuri" kwanza, hata msiba ukiwa nyumbani, ndipo tukaeleza. Mjerumani ukimuuliza hali, anaweza kuanza na goti linalomsumbua. Simama umsikilize.

8. Keki ya siku yako unaleta wewe

Siku ya kuzaliwa, mwenye siku ndiye hupeleka keki kazini. Ukikaa kimya ukisubiri kuandaliwa, utakaa mpaka jioni. Na usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, hata usiku wa kuamkia. Wanaamini ni kuleta mkosi.

9. Taka zina makabila, chupa zina thamani

Pipa la bluu ni la karatasi, la njano la vifungashio, la kijani au kahawia la maganda na mabaki ya chakula, jeusi au la kijivu ni la yaliyobaki. Rangi hubadilika kidogo mji hadi mji, kwa hiyo soma kibandiko. Vioo hupelekwa kwenye mapipa ya mtaani, cheupe mbali na cha kijani na cha kahawia. Majirani wataliona kosa lako kabla hawajalijua jina lako.

Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25, chupa nyingi za bia senti 8. Unazirudisha kwenye mashine dukani, unapewa stakabadhi, unaitoa kwa keshia. Ukiwa njiani na huna haja na chupa yako, usiitumbukize ndani ya pipa. Isimamishe pembeni. Wapo wazee ambao pensheni haiwatoshi, wanapita wakiokota, na kusimamisha chupa ni kuwapunguzia kutia mkono kwenye uchafu.

10. Giza ndilo zito, si baridi

Baridi ina dawa: koti, fulana ya ndani, soksi za sufu, viatu vyenye soli nene. Vinunue huku, tena vya mtumba kwenye magulio ya Jumamosi, usijaze begi kwa makoti ya nyumbani. Giza ndilo linalokuja kimya. Hamburg mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni, na siku nyingi halionekani kabisa. Toka nje saa sita mchana, hata dakika ishirini, hata kukiwa na manyunyu. Ukiona hutaki kuamka, huli, hupokei simu za nyumbani, mwambie daktari. Hapa hilo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Namba 116117 hukupa daktari nje ya saa za kazi. Ya hatari kubwa ni 112.

Ukiumwa, baki nyumbani ila mjulishe mwajiri asubuhi hiyo hiyo. Baada ya wiki nne kazini, mwajiri hukulipa mshahara kamili hadi wiki sita za ugonjwa. Kwenda kazini ukikohoa si uchapakazi machoni pao.

Na fungua madirisha, hata theluji ikianguka. Dakika tano hadi kumi, wazi kabisa, mara kadhaa kwa siku, kisha ufunge. Sisi tunaopika mchuzi wa nazi na kuanika nguo ndani tunajaza kuta unyevu, na ukungu mweusi ukiota pembeni ya kabati, mwenye nyumba anaweza kukudai.

11. Pika, kisha andika tarehe

Unga wa sembe, bamia, mihogo iliyogandishwa na ndizi mbichi utavipata kwenye maduka ya Waafrika na ya Waasia, karibu na stesheni kuu ya kila mji mkubwa. Usile peke yako. Ila usiseme "njoo siku moja" ukadhani umealika. Sema siku na saa. Na ukimwambia mtu kwamba unamwalika mgahawani, umesema utalipa wewe. Vinginevyo kila mtu hulipa chake, na mhudumu ataulizia.

Upweke ukikuzidi hapa Hamburg, panda treni mpaka Ohlsdorf. Ni makaburi, lakini ni bustani pia, makubwa hata mabasi ya mji hupita ndani. Kule amelala Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyefika mji huu mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Mjerumani na jina jipya la Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo na lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1886. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, na kwenye kaburi lake uliwekwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza.

Nilimsimulia jirani yangu. Akataka kwenda. Tukapanga, na tarehe 29 Februari 2024, miaka mia moja kamili, tulisimama pale wawili, yeye na fimbo yake, mimi na asumini za dukani kwa kuwa za kwetu hazioti huku. Aliniuliza sisi husema nini kaburini, nikamwambia, akayarudia maneno taratibu mpaka akayaweka sawa. Tulipokuwa tunalisubiri basi alitoa kalenda yake ndogo mfukoni, akaifungua kurasa za mwisho, akaniuliza: mwaka ujao hakuna tarehe 29, basi tuje tarehe 28 au tarehe 1 Machi?